Sabuni ya mwani na karafuu, na pale inapogandia ndooni

Wifi yangu analima mwani Jambiani, kule Unguja, na majuzi tulikaa uani kwake kutengeneza sabuni kwa mara yake ya kwanza. Kubwa alilotaka kujua ni kipi hasa kinacholainisha ngozi. Ni mafuta yenyewe, pamoja na glisirini inayozaliwa kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, inapokutana na mafuta. Sabuni ya mkono hubaki nayo yote. Viwanda vingi huitoa na kuiuza kando. Mwani unasaidia na karafuu inanukia, lakini kostiki ikizidi, sabuni itaunguza hata ukitia mwani gunia zima.

Vipimo

Mafuta ya nazi gramu 1000, kostiki soda gramu 146, maji gramu 300, unga wa mwani gramu 15, mafuta ya karafuu gramu 5. Pima vyote kwa mizani ya dijitali, hata maji. Kupima kostiki kwa kikombe sikubali kabisa.

Kilo ya mafuta ya nazi ina uwezo wa kumaliza kostiki gramu 183 hivi. Tunapunguza makusudi ili asilimia 20 ya mafuta yabaki kama yalivyo, kwa sababu sabuni ya nazi tupu husafisha mno na kuacha ngozi imekakamaa. Ukibadili mafuta, badili na kostiki: kilo ya alizeti humaliza gramu 135 tu. Na magadi soda ya kupikia maharage si kostiki, haifanyi kazi hii.

1. Mwani

Osha mwani mkavu kwa maji baridi, rudia mpaka ukiuonja hauna chumvi, maana chumvi hukata povu. Anika, saga, chekecha kwa chujio laini. Ute wake, ile karajinani inayonunuliwa na viwanda vya ng'ambo, hufanya povu liteleze. Chembe kubwa hukwaruza, zitupe.

2. Kostiki

Vaa glavu, miwani na nguo ya mikono mirefu. Kaa nje, watoto wawe mbali. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Usimwage maji juu ya kostiki. Sufuria zetu za aluminiamu hazifai hata kidogo, kostiki huzila na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia ndoo nene ya plastiki au chombo cha stenlesi. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, si kwa siki. Iache ipoe hadi nyuzi 35 hivi.

3. Kuchanganya

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na chanzo ni karafuu. Mafuta ya karafuu, hasa ya makonyo (vile vijiti vya karafuu) kama yanayokamuliwa Wawi kule Pemba, yamejaa yujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, nayo huharakisha sabuni kuganda. Unaweza kuwa na mchanganyiko laini, ukatia karafuu, na kabla hujashika kalibu, yaani chombo cha kugandishia sabuni, umeshakuwa bonge. Mdalasini una tabia hiyo hiyo. Mchaichai ni mpole zaidi. Anayeanza ningependa aanze nao.

Ukitaka karafuu, kalibu iwe tayari imetandikwa karatasi kabla hujaanza. Toa gramu 100 katika yale mafuta ya nazi, changanya humo karafuu na unga wa mwani, weka kando. Mimina maji ya kostiki kwenye mafuta yaliyobaki, piga kwa blenda ya mkono kidogo kidogo, na uache mara tu mafuta na maji yanapoacha kutengana. Usingoje iwe nzito kama uji. Weka blenda chini, tia yale mafuta ya kando, koroga kwa mwiko, kisha mimina mara moja.

Ikiganda ndooni, usitupe. Ihamishie kwenye chombo cha stenlesi, kipashe juu ya sufuria ya maji yanayochemka, funika, koroga mara moja moja. Italainika tena. Ishindilie kwenye kalibu kwa kijiko. Sura haitapendeza, ila ni sabuni kamili.

Na msizidishe hizo gramu 5 kwa kupenda harufu. Karafuu nyingi huwasha ngozi.

4. Kukata na kukausha

Kata siku hiyo hiyo, mara inapokuwa ngumu, bado na glavu. Sabuni ya nazi ikilala hadi kesho humeguka. Panga vipande kivulini penye upepo wiki 4 hadi 6.

Viungo vingine

Manjano hutoa rangi nzuri, ila hupauka juani. Liwa, ule unga wa mti wa kunukia, ni murua. Maji ya ndimu siyatii: kostiki huimaliza asidi yake, kwa hiyo hayang'arishi ngozi, yanakula kostiki tu na kuvuruga kipimo. Kwa mtoto mchanga acha karafuu kabisa. Ukiuza, andika viungo vyote kwenye karatasi ya kufungia, karafuu hasa, maana wapo ambao ngozi yao haipatani nayo.