Kimashini kidogo cha kufua: vile ya kukitumia na maji yetu ya Mombasa, na cha kufanya kikigoma

Mwezi wa pili tu tangu ninunue kimashini changu kikaanza kunguruma bila kuzunguka, nikaita fundi akaja akasikiza akasema mota imeungua, bei aliyonitajia ilikuwa karibu nusu ya mashini mpya. Nikamwambia ngoja kwanza nijipange. Jioni mdogo wangu akachomoa plagi, akafungua skrubu moja tu ile ya katikati kwa chini, akatoa soksi ya mtoto ya madrasa imejikunja pale chini ya ile sahani inayozunguka. Ikarudi ikafua mpaka leo, miaka mitatu sasa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitaka kuwaambia watu, hizi mashini ndogo nyingi zinazotupwa pale nje hazijaharibika, zimejazwa kupita kiasi au kuna kitu kidogo kimekwama ama mpira wa maji umepinda, basi.

Mimi nakaa Mishomoroni, gorofa ya tatu, maji ya kisima ya jengo ni ya chumvi na maji matamu tunaletewa na mkokoteni kwa mitungi ya lita 20, kwa hivyo haya ninayosema nimeyapitia na hali yetu hii ya kupima maji kwa mtungi.

Kwanza jua una mashini gani. Kuna ile ya mapipa mawili, pipa la kufulia na pembeni pipa jembamba la kukamua ambalo watu wengi wanaita spina. Kuna ya pipa moja, unafua, unamwaga, alafu unatia kikapu cha plastiki ndani ya pipa lile lile ndo ukamue kidogo kidogo. Na kuna zile za kukunja kama ndoo ya mpira, hizo jamani ni za nguo za mtoto mchanga na chupi na soksi, usiitie jinzi alafu uanze kulia. Hapa nasema zaidi juu ya ya mapipa mawili manake ndiyo iliyojaa manyumbani, lakini mengi yanaingiana.

Kuiweka. Iweke pahali sakafu iko sawa sawa, ikicheza hata kidogo itatembea wakati wa kukamua. Mpira wa kutoa maji ndo kitu watu hawakijali. Mashini nyingi za namna hii hazina pampu, maji yanatoka yenyewe kwa kuteremka, sasa ukiupandisha mpira juu ya kizingiti cha bafu au ukautia ndani ya sinki maji hayatoki, yanakaa, na wewe utadhani imeziba. Mpira ulale chini, usipinde, na mdomo wake usizame ndani ya maji ya beseni. Mimi yangu imekaa juu ya ubao mnene uliopigiliwa vizuri ndo maji yateremke mpaka tundu la bafu, matofali sikushauri, yanateleza.

Stima sasa, na hapa naomba tusikizane kabisa. Plagi iwe ya pini tatu iingie kwenye soketi ya ukutani yenye athi, ule waya unaopeleka ardhini stima iliyovuja. Ile tabia ya kutoboa tundu la juu na kalamu ndo uchomeke plagi ya pini mbili, kwa mashini ya maji usifanye, ni roho yako ile. Ekstensheni isilale sakafuni bafuni. Ukitia mkono ndani ya maji kupanga nguo, taima iwe sifuri na plagi imetoka. Ukihisi inakuramba hata kidogo unapoigusa, chomoa, usiitumie tena mpaka fundi wa stima aangalie waya wa athi, usivae malapa ukaendelea ukisema si kitu. Na stima ikipotea katikati, chomoa usubiri irudi itulie, kule kurudi kwa nguvu ndo kunaua vitu. Tokeni watu wanaziogopa bure: mashini ya wati 300 ukifua dakika 15 na kusuza mara mbili dakika nne nne na kukamua, haifiki hata uniti 0.15, yaani uniti moja unafua mizunguko sita, saba. Maji ndo yatakumaliza, sio stima.

Haya, kufua kwenyewe.

Zile kilo zilizoandikwa kwa boksi ni za nguo kavu, na ndo mwisho wake, sio kipimo cha kila siku. Jinzi moja ya mtu mzima ni zaidi ya nusu kilo ikiwa kavu, ikilowa inazidi maradufu, kwa hivyo mashini ya kilo tatu jinzi mbili na fulana mbili zinatosha, au shuka moja ya kitanda kikubwa na foronya zake. Blanketi na zulia la kuswalia lile zito, peleka kwa mikono. Njia yangu ya kujua ni hii: iwashe utazame nguo ya juu. Ikizama alafu ikaibuka pengine, sawa. Ikibaki pale pale inatikisika tu, umejaza, toa moja mbili. Hapo hutadanganywa na kilo za boksi.

Kabla ya kutia chochote kung'uta. Watoto wetu wanatoka ufuoni na mchanga mifukoni na kwenye pindo, na mchanga ndo unaokula ile mpira ya kuzuia maji chini ya spina mpaka inaanza kuvuja. Toa sarafu, pini za mtandio, vibanio. Soksi na vitambaa vidogo vitie ndani ya mfuko wa neti au hata foronya kuukuu uifunge mdomo. Leso mpya kutoka Biashara Street mara ya kwanza na ya pili fua peke yake kwa beseni, ile rangi inatoka vibaya sana na ikigusa kanzu nyeupe ya mwenyewe kabla ya Ijumaa, mtagombana.

Maji: pipa langu linataka kama mtungi mmoja na nusu. Natia maji ya kisima kwa kufulia, lakini maji ya chumvi hayapendi sabuni, ya mche haswa, inaganda inakuwa kama utandu mweupe juu ya nguo. Sabuni ya unga inavumilia zaidi. Ikoroge kwanza ndani ya ndoo na maji kidogo iyeyuke kabisa ndo umimine, usimwage unga juu ya nguo kavu. Na usizidishe! Vijiko viwili vya chakula vinatosha, ukiona povu limepanda mpaka kifuniko jua umepoteza maji ya kusuza matatu badala ya mawili, na povu lile linaingia mpaka kwa spina linaizuia isizunguke vizuri.

Nafua nyeupe kwanza, maji yale yale yanafua za rangi, alafu za kazi na matambara mwisho, sabuni naongeza kidogo tu kila mzunguko. Dakika kumi kwa nguo za kawaida, kumi na tano kwa zilizochafuka haswa, na kola na kwapa nazisugua kwa mkono kwanza manake mashini haijui kola iko wapi. Kisha nakamua zile za sabuni dakika moja KABLA ya kusuza, hili wengi hawalifanyi na ndo siri ya kuokoa maji, ukitoa sabuni kwa kukamua suzo la kwanza linatoka karibu safi. Suzo la kwanza kisima, suzo la mwisho lazima maji matamu hata kama ni nusu pipa. Nguo iliyosuzwa kwa chumvi ikikauka inakuwa ngumu kama ubao na haikauki vizuri, hewa yetu ikiwa na unyevu inalainika tena kwa kamba. Na mashini nayo inapata suzo lake hapo hapo. Maji ya kusuza usimwage, ya choo hayo na kupiga deki.

Kukamua: spina inabeba kidogo kuliko pipa la kufulia, kwa hivyo gawa mara mbili. Panga nguo pembeni pande zote sawa, nzito chini, ubonyeze, alafu tia kile kifuniko chembamba cha ndani cha kukandamiza nguo. Watu wanakipoteza wiki ya kwanza halafu nguo inaruka inaingia katikati ya mapipa. Dakika tatu zinatosha. Mwezi wa tano mvua ya masika haiachi, ndo utaijua thamani ya spina, shati la shule nikilitoa hapo nikalitundika chini ya feni usiku, asubuhi linavalika.

Sasa ikigoma. Usiite mtu kabla hujapita hizi.

Haiwaki kabisa: jaribu chaja ya simu kwenye soketi ile ile, huenda soketi imekufa au tokeni zimeisha. Taima uizungushe vizuri, nyengine ukiigusa kidogo tu haishiki. Spina peke yake ikikataa na upande wa kufua unafanya kazi, ni kifuniko, kuna swichi pale kifuniko kinapofunga, kisipokaa sawa haizunguki.

Inanguruma haizunguki: zima haraka, usiiache ikinguruma, mota inapata moto. Chomoa, toa nguo na maji, uzungushe ile sahani kwa mkono. Ikiwa imekaza, kuna kitu chini yake, fungua skrubu ya katikati (wakati mwengine imefunikwa na kizibo cha plastiki) uivute juu taratibu. Utakuta sarafu, soksi, nywele. Ikiwa inazunguka kwa mkono, na mota unaisikia inaenda, na bado sahani imelala, basi mkanda umelegea au umekatika. Ikiwa inanguruma tu na mota yenyewe haiendi, mara nyingi ni kapasita, ile inayoisukuma mota ianze kuzunguka, na hiyo ni kitu kidogo cha kubadilisha, si mota nzima, mwambie fundi aipime mbele yako kabla hajakutajia bei. Wewe mwenyewe usiiguse, inaweka stima ndani hata plagi ikiwa imetoka.

Imefua mizunguko minne mfululizo ikazima yenyewe, na baada ya nusu saa inawaka: hiyo imepata moto na ina kinga ndani inayoizima. Si ugonjwa. Ipumzishe kati ya mizunguko, na upunguze nguo.

Maji yanatoka yenyewe huku unafua: angalia kama swichi ya kumwaga umeiacha wazi. Kama imefungwa, kuna uzi au nywele imeshika kwenye kizibo cha chini hakizibi. Mwaga ndoo ya maji kwa nguvu mara mbili huku umeifungua, mara nyingi inang'oka. Maji hayatoki: rudi kwa mpira, nimeshasema.

Spina inagonga gonga: zima, panga upya, usiikalie juu eti itulie, nimeona watu wakifanya hivyo. Ikigonga hata bila nguo, tochi, chungulia kati ya pipa na ukuta wake, huenda kuna leso ya kichwa imezama pale. Ikikwama kabisa na haijatumika miezi, ni kutu ya breki au ya shafti, na chumvi yetu ya hewa na ya kisima ndo inafanya hayo. Ndo nasema suzo la mwisho la maji matamu, na ukimaliza pangusa skrubu kwa kitambaa kikavu, kifuniko ukiache wazi mpaka ndani kukauke.

Ikinuka, tia siki kikombe kimoja na maji ya vuguvugu, sio ya kuchemka plastiki itapinda, zungusha dakika kumi, iache kidogo, mwaga, suza. Siki na jiki usizichanganye hata kwa bahati mbaya, ule moshi wake unachoma kifua, na bafu zetu hazina dirisha la maana. Kile kimfuko cha kukusanya nyuzi kitoe kila siku ya kufua ukigeuze ndani nje, kikijaa manyoya yote yanahamia kwa buibui.

Na buibui, manake kina dada ndo mnaniulizia sana hiyo. La kawaida lisilo na mawe geuza ndani nje, funga vifungo, litie la kwanza kwa maji yake peke yake, kabla ya nguo zozote za pamba wala taulo, maji baridi, dakika nne, kukamua dakika moja tu. Lenye mawe au nakshi ya mkono usilitie humo hata na mfuko wa neti, yale mawe yanabanduka moja moja na yanaishia chini ya ile sahani, na hapo utaanza kutafuta bisibisi kama mimi na ile soksi.