Kastingi yako ya kwanza: ujiandae hivi kabla hujaitwa jina

Vijana wawili wa kikundi chetu cha maigizo hapa Katuba, Lubumbashi, wameitwa kastingi (majaribio ya kuchagua waigizaji) wiki ijayo, na maswali yao yamekula mazoezi yote ya Jumamosi. Afadhali niandike.

Kwanza, jua unaitiwa nini. Ni filamu, jukwaa, tangazo au mchezo wa redio? Jukwaani sauti imfikie mtu wa kiti cha mwisho. Mbele ya kamera sauti hiyohiyo ni ugomvi. Uliza kama tekste, yaani maneno ya kuigiza, wanakupa wao, ni ya dakika ngapi, na kwa lugha gani. Wengi wanaona haya kuuliza, wanakwenda kukesha na Kifaransa cha shule kwa kazi ya Kiswahili.

Pili, tekste. Usianze kwa kukariri. Isome mara tatu bila kuigiza, kisha uandike pembeni: huyu anasema na nani, anataka nini kwake, na kinachomzuia ni nini? Halafu funika karatasi, useme jambo hilohilo kwa Kiswahili cha nyumbani mbele ya ndugu yako. Ndipo urudi kwenye maneno yaliyoandikwa.

Mimi mara ya kwanza nilikariri ukurasa mzima, nikautoa kama katekista anayesoma somo. Mstari wa tatu mwongozaji akanisimamisha: "Weka karatasi chini. Mimi ni jirani yako. Watoto wako hawajala. Niombe unga wa bukari, na ukumbuke jana nilikunyima." Nikamkumbuka mama, aliyekuwa anaulizia kwanza afya ya kila mtu mle nyumbani, hata mbwa, kabla ya kufika kwenye unga. Nikaanza na mbwa. Nafasi sikuipata (nilikuwa mrefu kuliko "baba" yangu), ila walinisikiliza mpaka mwisho.

Mji huu unaijua njia hiyo ya kubuni bila karatasi tangu zamani. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilicheza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, redioni na kwenye televisheni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipolifuatilia mwaka 1986, waigizaji walijenga mchezo mzima kutokana na msemo mmoja kuhusu mamlaka, kwa kujadiliana na kujaribu, bila tekste iliyoandikwa. Kwa hiyo wakikuambia "buni", usitetemeke.

Tatu, siku yenyewe. Nguo ya rangi moja. Mistari myembamba inachezacheza kwenye kamera. Juni na Julai asubuhi kuna baridi na vumbi, basi amsha koo kwa maji ya vuguvugu na kuvuma taratibu huku umefunga mdomo. Ukiingia, sema jina bila haraka. Mtazame anayekusomea maneno ya mhusika mwingine, si kioo cha kamera, isipokuwa wakikuambia. Shika karatasi hata kama umekariri. Ukiteleza, endelea.

Wakisema "rudia, lakini bila hasira", hujashindwa. Wanataka kuona kama unaelekezeka. Badilisha kweli, usipunguze sauti tu.

Maswali ya wanakikundi

*Yaya, banasema tulipe dola kumi ya kujiandikisha. Tulipe?*

Hapana. Kazi ya kweli inakulipa wewe. Na ukiitwa peke yako kwenye chumba cha hoteli usiku, usiende, hata kama jina la mtu ni kubwa. Aliye chini ya miaka 18 aende na mzazi.

*Mi Kifaransa yangu inavunjika. Batanicheka?*

Waambie mapema, uombe kujaribu kwa Kiswahili. Ikiwa lazima Kifaransa, sema polepole. Anayekimbia ndiye anayejikwaa.

*Kama fasi ya kulia, nilie kweli?*

Usiyalazimishe machozi. Angalia watu kwenye matanga: mwenye uchungu mara nyingi anajikaza asilie, anauliza kama wageni wamepata viti. Cheza kule kujikaza. Machozi yakija, yamekuja.

*Banataka video, na niko na simu tu.*

Simu inatosha. Ilaze kwa upana juu ya vitabu, kimo cha macho yako, ionekane toka kifuani kwenda juu. Dirisha liwe mbele yako, si nyuma. Anayekusomea akae karibu kabisa na simu, asisome kwa nguvu kukushinda. Ukuta mtupu. Umeme unakatika ovyo, basi chaji mapema. Na urekodi kabla mashine ya kusaga mahindi ya jirani haijaanza. Kelele ile hakuna atakayeivumilia.

*Batapiga simu lini?*

Uliza kabla hujatoka, mara moja. Siku hiyo ikipita kimya, wamechukua mwingine, na pengine sababu ni urefu tu kama wangu. Mazoezi Jumamosi saa nane. Na wewe uliyeuliza hili, mara iliyopita ulifika saa tisa na nusu.