Kabla Hujatua Bangkok kwa Mara ya Kwanza

Ukitoka nje ya uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi utahisi umeshuka Dar es Salaam mwezi wa Februari. Joto la jasho, magari yanapita kushoto, bajaji zinapenya foleni, madereva wa bodaboda wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa wakingoja abiria kwenye kona, na moshi wa mishikaki unapanda kandokando ya barabara. Mfanano huo niliupenda tangu dakika ya kwanza. Lakini ndio unaotuponza sisi tunaotoka Afrika Mashariki, maana mtu hujiona mwenyeji kabla hajajiandaa.

Anza na kadi ya homa ya manjano. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo kwenye orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hudaiwa cheti hicho na Thailand. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla, kwa hiyo usiiache mpaka wiki ya safari. Kama ulishachanjwa, tangu 2016 cheti kimoja kinatosha maisha yote. Ukifika, usikimbilie foleni ya uhamiaji. Pitia kwanza dawati la ukaguzi wa afya. Mimi nilisimama karibu saa nzima, nikafika dirishani, nikaambiwa nirudi nyuma nikaanzie huko. Baada ya usiku mzima angani, miguu imevimba, inauma sana. Kuna pia kadi ya kuwasili inayojazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, utaratibu ulioanza Mei 2025. Ni bure, na tovuti inayokudai hela kwa kadi hiyo si ya serikali.

Shilingi usizitegemee. Beba noti za dola 100, safi, zisizochorwa, kwa sababu noti ndogo hununuliwa kwa bei ya chini. Chukua na adapta, kwani plagi yetu ya pini tatu pana haiingii kwenye soketi nyingi za kule.

Kutoka uwanjani kuna treni hadi stesheni ya Phaya Thai, nauli haizidi baht 45 (baht ndiyo pesa ya Thailand), na hapo unaunganisha na treni ya juu inayokwenda katikati ya mji. Teksi ina mita inayoanzia baht 35, na ukiipandia uwanjani unaongeza ada ya baht 50. Bajaji haina mita, kwa hiyo patana kabla hujakaa. Mwombe mwenye hoteli akutumie anwani iliyoandikwa kwa Kithai, uiweke simuni kama picha. Dereva wako huenda asisome herufi zetu hata kidogo.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote litakukuta karibu na Kasri Kuu. Mtu nadhifu, mpole, atakwambia kasri limefungwa leo kwa ibada, kisha atakuitia bajaji ya bei ya kutupa ikutembeze mahekalu mengine. Huo ni utapeli: safari hiyo huishia duka la vito. Bangkok ni soko kubwa kweli la vito, hata tanzanaiti ya Mererani hufika huko, na ndiyo maana maneno yake yanaingia akilini. Mshukuru, nenda mwenyewe mpaka langoni. Kasri hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, na tiketi ya mgeni ni baht 500. Vaa suruali au sketi ndefu na shati lenye mikono. Kanga ya kujitanda mabegani inafaa kwenye mahekalu mengi, ila walinzi wa kasri wanaweza kuikataa.

Kanga hiyo hiyo itakufaa ndani ya treni na maduka makubwa, ambako kiyoyozi hupuliza baridi kali wakati wewe umeloa jasho.

Chakula cha barabarani kula bila woga pale kinapopikwa mbele yako na wateja wanapishana, lakini maji ya bomba yaache. Jifunze kusema *mai phet*, yaani bila pilipili, na kama huli nguruwe, *mai sai mu*. Maeneo yenye Waislamu wengi yapo, ukiwemo mtaa wenye Msikiti wa Haroon huko Bang Rak, na hapo utakula kwa moyo mtulivu.

Kichwa cha mtu usikiguse, hata cha mtoto uliyempenda. Mfalme usimzungumzie vibaya, kwa mdomo wala mtandaoni, maana sheria yake ina kifungo kirefu. Na saa kumi na mbili jioni, ukiwa stesheni, wimbo wa taifa utapigwa na umati uliokuwa ukikimbilia treni utasimama wima, kimya. Weka begi chini, usimame nao.