Namna ya Kuchagua Zana ya Kupima Kiolesura cha Programu kwa Njia ya Kiotomatiki

Timu nyingi huchagua zana ya kupima kiolesura, yaani skrini na vitufe anavyovitumia mtumiaji, baada ya kutazama onyesho la dakika chache: mtu anafungua ukurasa wa kuingia, anaandika jina na nenosiri, anabofya kitufe, na jaribio linafaulu. Onyesho la namna hiyo halimsaidii mnunuzi, kwa kuwa ni vigumu kupata zana inayoshindwa na ukurasa wa kuingia. Zana hutofautiana katika yale yanayofuata: kitufe kinapohamishwa, mtandao unapochelewa, au jaribio linapofeli usiku na asubuhi mtu akatakiwa kueleza iwapo programu imeharibika au jaribio lenyewe ndilo bovu. Kwa sababu hiyo ushauri unaotolewa hapa umejengwa juu ya jambo moja, nalo ni kuitazama zana inavyofeli kabla ya kuvutiwa na inavyofaulu.

Programu yako imejengwa kwa kitu gani

Kabla ya kulinganisha majina ya zana, chunguza ni nini zana itaweza kukiona ndani ya programu yako. Zana za wavuti husoma mti wa elementi (sehemu za ukurasa kama vitufe na visanduku) ambao kivinjari huujenga kutokana na ukurasa, na zana za programu za Windows husoma taarifa zinazotolewa na mfumo uitwao UI Automation, ambao ndio huohuo unaotumiwa na visoma skrini vya watu wasioona. Pale ambapo taarifa hizo hazipo, zana huwa kipofu. Ramani, michezo na baadhi ya vihariri vya michoro huchorwa juu ya turubai moja, kwa hiyo mtu anaona vitufe kumi ilhali zana inaona elementi moja tu isiyo na chochote ndani. Vivyo hivyo Flutter, mfumo wa Google wa kujengea programu, hujichorea vitufe vyake yenyewe badala ya kutumia vile vya simu, na ndiyo maana ina kifurushi chake cha majaribio kiitwacho integration_test.

Uchunguzi huu hauchukui muda. Kwa wavuti, fungua zana za wasanidi zilizomo ndani ya kivinjari na uelekeze kwenye kitufe unachotaka kukipima. Kwa programu ya Windows, tumia Accessibility Insights, ambayo Microsoft huitoa bure, upitishe kipanya juu ya kila sehemu ya dirisha. Ukiona kila kitufe kina jina na aina yake, mlango uko wazi. Ukiona kidirisha kimoja kikubwa kisicho na jina, usitafute zana nyingine. Zungumza kwanza na wasanidi waipe programu majina hayo. Njia mbadala ni zana zinazotambua picha, kama SikuliX, ambazo hulinganisha kipande cha picha na kilichopo kwenye skrini. Zinafanya kazi, lakini ukubwa wa maandishi ukibadilika au rangi za mfumo zikibadilishwa, picha zako zote zinaweza kuhitaji kupigwa upya, hivyo ningezitumia pale tu ambapo hakuna njia nyingine.

Katika hatua hii amua pia ni mambo gani hayatapimwa kupitia skrini kabisa. Ikiwa hesabu ya punguzo ina hali 40 tofauti, hali hizo zipimwe moja kwa moja kwenye msimbo unaohesabu, na kiolesura kibakiziwe jaribio moja au mawili ya kuthibitisha kwamba namba inafika mbele ya macho ya mtumiaji. Kadiri majaribio ya skrini yanavyokuwa machache, ndivyo uchaguzi wa zana unavyokuwa huru zaidi.

Zana za wavuti na suala la kusubiri

Selenium ni miongoni mwa zana kongwe zinazotumika leo. Ilianzishwa na Jason Huggins mwaka 2004 akiwa katika kampuni ya ThoughtWorks, na itifaki yake ya WebDriver, yaani kanuni za kukiamuru kivinjari, ilipitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kuwa kiwango rasmi mwaka 2018. Kwa kuwa ni kiwango, watengenezaji wa vivinjari wenyewe hutoa kiendeshi kinachoiwezesha zana kukiamuru kivinjari, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa: inaendesha Safari halisi pamoja na Chrome, Firefox na Edge, na majaribio yake huandikwa kwa Java, Python, C#, Ruby au JavaScript. Udhaifu wake ni kwamba kazi ya kusubiri, kwa sehemu kubwa, imeachwa mikononi mwa mwandishi wa jaribio.

Chukua mfano wa fomu ya agizo. Mtumiaji akibadilisha idadi ya bidhaa, ukurasa unahesabu upya jumla, na kwa nusu sekunde pazia jepesi lenye duara linalozunguka hufunika fomu nzima. Jaribio la Selenium likitafuta kitufe cha kuhifadhi litakipata, kwa maana kipo, kisha litajaribu kukibofya papo hapo. Jibu litakuwa kwamba bofyo limezuiwa na elementi nyingine, na jaribio litafeli ingawa programu haina kasoro yoyote. Mwandishi mwenye haraka ataongeza amri ya kulala kwa sekunde 5. Tabia hiyo ikienea katika majaribio 200, ni sekunde 1,000 za usingizi, yaani takriban dakika 17 katika kila mzunguko wa kuendesha majaribio yote, na bado siku seva ikichelewa kwa sekunde 6 jaribio litafeli vilevile. Mwandishi makini ataandika sharti kwamba pazia liondoke kwanza, jambo ambalo Selenium inaliwezesha lakini haimlazimishi mtu kulifanya.

Playwright, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2020, hukagua yenyewe kabla ya kubofya kwamba elementi inaonekana, imetulia mahali pake, imewezeshwa na haijafunikwa na kitu kingine, na hurudia ukaguzi huo mpaka hali iwe sawa au muda uishe. Kwenye fomu ile ingesubiri pazia liondoke bila kuagizwa. Hata hivyo, usidhani kwamba kusubiri huko kunajua maana ya kilichomo kwenye ukurasa: pazia lisipokuwepo, zana itabofya kitufe cha kuhifadhi wakati jumla ya zamani bado iko kwenye skrini, kwa sababu kwake kitufe kiko tayari. Sharti la kuangalia jumla mpya bado ni lazima uliandike wewe.

Playwright huendesha Chromium (msingi wa Chrome na Edge), Firefox na WebKit, na majaribio yake huandikwa kwa JavaScript, TypeScript, Python, Java au lugha za .NET. WebKit hiyo ina injini ya aina moja na ya Safari, lakini si Safari yenyewe. Ikiwa watumiaji wako wengi wako kwenye iPhone, tenga majaribio machache yaendeshwe kwenye kifaa halisi. Cypress kwa upande wake huendesha majaribio ndani ya kivinjari, bega kwa bega na programu, na wasanidi huipenda kwa sababu wanaona kila hatua ikitendeka mbele yao. Muundo huohuo una gharama: majaribio huandikwa kwa JavaScript au TypeScript pekee, zana haikuundwa kuendesha tabo mbili kwa wakati mmoja, na jaribio linalohama kutoka tovuti moja hadi nyingine huhitaji amri maalumu. Kama malipo katika programu yako hufunguka kwenye tabo mpya, jambo hilo lijulikane kabla ya mtu kuandika jaribio la kwanza.

Simu

Hapa uamuzi ni mwepesi kidogo. Espresso ya Google kwa Android na XCUITest ya Apple kwa iOS ziko karibu zaidi na mfumo wenyewe, na kwa kawaida huwa na kasi na utulivu kuliko zana zinazoiendesha programu kwa mbali, lakini utaandika kila jaribio mara mbili. Appium hutumia itifaki ya WebDriver kuendesha mifumo yote miwili kwa lugha unayoichagua, nayo huwafaa wapimaji ambao si wasanidi wa programu husika. Kumbuka tu kwamba kwa iOS Appium hupitia XCUITest hiyohiyo, kwa hiyo kompyuta ya Mac haiepukiki. Timu zinazosahau jambo hili huligundua siku ya kuandaa seva ya majaribio, bajeti ikiwa imekwisha kupitishwa.

Nani atayatunza majaribio

Swali la nani ataandika huulizwa kila mara. La nani atatunza huachwa, ilhali ndilo lenye uzito. Ikiwa programu imeandikwa kwa Java na wasanidi ndio watakaorekebisha jaribio pindi wanapobadilisha skrini, zana inayowalazimisha kujifunza lugha nyingine itawapa sababu ya kutoligusa. Ikiwa watunzaji ni wapimaji wasioandika msimbo, zana za kulipia zinazorekodi vitendo, kama TestComplete au Ranorex, zinaweza kufaa, mradi ukague kile kilichorekodiwa. Ukaguzi huo ni rahisi: fungua jaribio lililorekodiwa na utazame zana imekielezaje kitufe. Ikiwa imeandika njia ndefu ya kwamba kitufe ni cha pili ndani ya kisanduku cha nne ndani ya safu ya tatu, basi msanidi akiongeza kisanduku kimoja juu yake, jaribio limekufa. Ikiwa imeandika kwamba ni kitufe chenye jina "Hifadhi", au imetumia kitambulisho ambacho wasanidi wamekiweka mahususi kwa ajili ya majaribio, jaribio litavumilia mabadiliko mengi ya mpangilio. Elekea zana ambayo kwa kawaida yake huchagua njia ya pili.

Kuijaribu zana kabla ya kuamua

Usijaribu zana tano. Baada ya maswali yaliyotangulia zitakuwa zimebaki mbili, pengine moja. Chagua skrini ngumu kuliko zote katika programu yako: ile yenye jedwali linalopakia safu mpya unaposogeza chini, kalenda ya kuchagulia tarehe, faili ya kupakia, au fremu ya kampuni nyingine ndani ya ukurasa. Andika majaribio machache juu ya skrini hiyo, ukiyaendesha kwenye seva ileile itakayotumika kila siku, kwa kuwa kompyuta ya msanidi ina kasi inayoficha kasoro nyingi.

Kisha yaache yajirudie usiku kucha bila mtu kubadilisha kitu chochote kwenye programu, na asubuhi uhesabu yaliyofeli. Kiwango cha kufeli bila sababu kinachoonekana kidogo huwa kikubwa kinapozidishwa. Jaribio linalofeli bure mara 1 katika 100 linaonekana zuri, lakini ukiwa na majaribio 100 ya namna hiyo, kila moja likifeli bila kutegemea jingine, mizunguko 63 hivi katika kila 100 itakuwa na angalau jaribio moja jekundu, yaani lililofeli, lisilo na maana. Timu ikifika hapo huzoea rangi nyekundu, na kasoro ya kweli hupita katikati yao bila kutazamwa.

Hatua inayofuata ni kuiharibu programu kwa makusudi. Badilisha jina la kitufe, fanya jumla ikosewe kwa kiasi kidogo, chelewesha jibu la seva, kisha umpe ripoti mtu ambaye hakuandika majaribio hayo na umwombe aeleze kilichoharibika bila kufungua msimbo. Zana nzuri humpa picha ya skrini ya wakati wa kufeli, mfululizo wa hatua zilizotangulia na mawasiliano yaliyofanyika na seva. Playwright, kwa mfano, huweza kuhifadhi rekodi inayomwezesha msomaji kurudi nyuma hatua kwa hatua na kuona ukurasa ulivyokuwa kabla na baada ya kila bofyo. Ripoti inayosema tu kwamba elementi haikupatikana haitoshi, hata kama zana ina sifa nyingine zote.

Leseni na umri wa zana

Selenium, Playwright, Cypress na Appium ni programu za chanzo huria, ila baadhi yake zina huduma za kulipia pembeni, hasa za kuhifadhi ripoti na kugawanya majaribio kwenye mashine nyingi. Kwa zana za kulipia, uliza leseni inahesabiwa kwa mtu, kwa mashine, au kwa idadi ya majaribio yanayoendeshwa kwa pamoja. Leseni inayomwezesha mtu mmoja kuandika majaribio lakini haimruhusu seva kuyaendesha bila malipo mengine ni jambo la kawaida, na halionekani kwenye ukurasa wa mbele wa muuzaji.

Zana nazo hufa. Protractor, iliyokuwa chaguo la kawaida kwa watu wa Angular (mfumo wa kujengea programu za wavuti), ilifikia mwisho wake mwaka 2023, na uendelezaji wa PhantomJS, kivinjari kilichoendeshwa bila dirisha, ulisimamishwa mwaka 2018. Angalia basi tarehe ya toleo la mwisho, kasi ya kujibiwa kwa kasoro zinazoripotiwa, na nani analipia uendelezaji. Zaidi ya hapo, andika majaribio kwa namna ambayo amri za zana zinakaa katika faili chache zinazoeleza kurasa, huku majaribio yenyewe yakisema tu "weka agizo" au "futa agizo". Ukilazimika kuhama, utaandika upya faili hizo chache.

Na ukihama, usihamishe kila kitu kwa mkupuo. Andika majaribio mapya kwa zana mpya, yaache ya zamani yaendelee kufanya kazi, na uhamishe jaribio la zamani siku litakapovunjika kwa sababu skrini yake imebadilika, kwa kuwa siku hiyo ungelazimika kulifungua kwa vyovyote vile. Yale ambayo yamekaa muda mrefu bila kufeli hata mara moja, yakague kabla ya kuyahamisha: huenda hayapimi kitu, na pahali pake ni pa kufutwa.