Jinsi ya kuchunguza mawazo ya kujiua yanayodumu muda mrefu

Katika utafiti wa mawazo haya, swali moja la "ndiyo au hapana" ndilo huharibu data. Aliyeishi na mawazo ya kujiua miaka 10 na yule ambaye yalimwanza juzi wote watajibu ndiyo, na kwenye jedwali watafanana.

Andika maana yako ya mawazo "sugu", yaani yanayodumu, kabla ya kukusanya chochote. Hakuna muda mmoja unaokubaliwa na wote kuwa ndio "sugu", hivyo taja wa kwako na ueleze kwa nini. Kisha uliza kila jambo peke yake: yalianza lini, huja mara ngapi, yakija hukaa kwa muda gani, na mtu anaweza kuyadhibiti kiasi gani. Kipimo cha Columbia (C-SSRS), dodoso la hatari ya kujiua, kinafaa hapa, kwa kuwa kina ngazi 5, kuanzia kutamani kufa hadi kuwa na mpango pamoja na nia, na nguvu ya mawazo (mara ngapi, muda, udhibiti) huulizwa kando. Swali la 9 la PHQ-9, dodoso fupi la sonona, halitoshi: linahusu wiki 2 zilizopita tu, tena linachanganya kuona heri ufe na kufikiria kujiumiza.

Wastani nao hudanganya. Maswali mafupi yanayotumwa kwa simu mara kadhaa kwa siku yameonyesha kuwa mawazo haya hupanda na kushuka ndani ya saa chache. Chukua washiriki wawili, kipimo kikiwa 0 hadi 10: mmoja hujaza 4 kila mara, mwingine 0 na 8 kwa zamu. Wastani wao ni 4, hali zao ni mbali kabisa. Tafuta kwanza kiwango cha kawaida cha kila mmoja, ndipo upime anavyokiacha. Nia ikiingia mahali palipokuwa na wazo tu, usiseme "huyu ameshazoea".

Uliza waziwazi, kwa neno "kujiua". Tafiti hazijaonyesha kuwa kuuliza humtia mtu wazo hilo. (Na kama wewe msomaji unayo sasa, acha kusoma, mwambie mtu unayemwamini au nenda kituo cha afya.)

Kabla ya mshiriki wa kwanza, amueni jibu lipi linadai hatua, nani atapiga simu, na ndani ya muda gani. Kama majibu ya usiku hayasomwi hadi asubuhi, fomu ya ridhaa iseme hivyo, na namba ya dharura ionekane kwenye skrini baada ya kila dodoso.