Kupima chanjo kwa kutikisa: jinsi ya kujua kama iliganda

Stima ikirudi baada ya kupotea nusu siku Dandora au Kawangware, Nairobi, wengi huzungusha kidhibiti cha friji ya chanjo hadi baridi kali ili kufidia joto lililoingia. Usikiguse. Kiwango ni nyuzi 2 hadi 8, na chini ya sifuri baadhi ya chanjo hufa bila kuonyesha dalili. Kile kibandiko chenye kimraba ndani yake kwenye kichupa hubadilika rangi kwa joto peke yake. Kuganda hakikuonyeshi kamwe.

Zinazopimwa kwa kutikisa ni zile zenye chumvi ya alumini: pentavalenti (ya magonjwa matano kwa pamoja), ya nimonia, ya pepopunda na dondakoo, ya hepatitisi B na ya HPV (virusi vya saratani ya shingo ya kizazi). Kinga imeshikamana na chembechembe za alumini. Maji yakiganda, chembe hizo hugandana mafungu mafungu, na hata barafu ikiyeyuka hazitengani tena, ndiyo maana huzama upesi. Surua-rubela, BCG (ya kifua kikuu) na ya polio ya matone hazina alumini, kwa hiyo kipimo hiki hakizihusu. Polio ya sindano pia haina, ingawa nayo huharibika ikiganda.

Kichupa ulichokikuta kimekuwa barafu hakihitaji kipimo. Kitupe.

Ukiwa na shaka tu, chukua kichupa kingine cha chanjo hiyohiyo, kiwanda kilekile, bachi (toleo la kiwandani) ileile. Kiandike GANDISHWA kwa kalamu isiyofutika, kabla ya kukitia friza. Kiache kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri usiku kucha, angalau saa 10, kigande kabisa. Kisha kiyeyuke chenyewe mezani. Maji ya moto huharibu kipimo.

Shika vichupa vyote viwili kwa mkono mmoja, vitikise kwa nguvu sekunde 10 hadi 15, viweke bega kwa bega mezani penye mwanga, usivisogeze tena. Tazama bila kuondoka, hadi dakika 30. Lebo ikiziba kioo, vigeuze vyote kichwa chini uangalie mashapo yakishuka shingoni.

Chenye shaka kikitulia polepole kuliko kile ulichogandisha, hakikuganda, tumia. Vikienda sawa, au chenye shaka kikitangulia, bachi hiyo iliyokaa mahali pamoja nacho itengwe na msimamizi wa chanjo wa kaunti ndogo ajulishwe. Bachi nyingine hupimwa peke yake, kwa kichupa chake cha kulinganisha.

Kosa la hatari kuliko yote ni kurudisha kichupa cha GANDISHWA kwenye friji: kesho muuguzi mwingine atamchoma mtoto kinga isiyokuwepo. Kitupe pale pale na ukiandike kwenye daftari la chanjo kuwa kimetumika kwa kipimo.

Kwa siku za kuchanja mtaani, pakiti za barafu zisije zikagandisha chanjo: zitoke friza mapema, zikae nje hadi ukizitikisa sikioni usikie maji yakicheza ndani. Ndipo ziingie kwenye kibebeo cha chanjo.