Pikapu ya dizeli inayogoma kuwaka asubuhi: kagua njia ya dizeli kabla ya kuifungua pampu

Mwongozo huu unahusu Toyota Hilux yenye injini ya 5L, ile ya silinda 4 na ujazo wa sentimita 2,986, ambayo pampu yake ya dizeli haitumii kompyuta na huzungushwa na taiming belti. Mwenye 2L au 3L ataufuata bila taabu, kwa kuwa injini hizo ni za ukoo mmoja. Mwenye Hilux ya D-4D, injini mpya zaidi inayotumia kompyuta, asome sehemu za maji na filta peke yake, wala asilegeze bomba lolote la dizeli linalokwenda kwenye nozo, yaani vinyunyizio vya dizeli vya silinda, kwa sababu dizeli katika mabomba hayo hufikia mgandamizo wa zaidi ya baa 1,000 na inaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini.

Pikapu yangu hubeba viazi kutoka vijijini hadi Njombe mjini, nami ndiye ninayeitunza. Baridi ya huku mwezi wa Juni na Julai huumbua kila kasoro ya injini ya dizeli, na kasoro ninayoiona mara nyingi kuliko zote ni gari kusumbua kuwaka asubuhi, kisha kwenda vizuri mchana kutwa. Mafundi wengi wakisikia hivyo huitaja pampu. Mimi pia niliambiwa hivyo zamani: pampu ikafunguliwa, ikapelekwa mji mwingine kupimwa, ikarudi baada ya wiki mbili na gharama kubwa, na asubuhi iliyofuata gari likagoma vilevile. Ubovu ulikuwa kwenye mpira wa dizeli unaoingia kwenye filta. Nilipofungua kibano chake na kuukunja kidogo, ufa mwembamba wenye urefu wa ukucha ulifunguka mahali palepale kibano kilipokuwa kimeufunika. Kwa nje mpira ule ulikuwa mkavu kabisa, bila hata tone la dizeli.

Ukavu huo ndio unaowapoteza wengi. Injini hizi hazina pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu kubwa iliyo pembeni mwa injini huvuta dizeli yenyewe kutoka tangini, ikipitia filta, kama mtu anavyovuta maji kwa mrija. Njia yote hiyo ikiwa inavuta, penye ufa hapatoki dizeli, bali huingia upepo. Gari likilala, upepo huo huiachia dizeli irudi taratibu tangini, na asubuhi pampu huanza kazi ikiwa na hewa badala ya dizeli. Kwa hiyo usitafute mahali palipolowa tu. Tafuta mahali panapoweza kuvuta hewa.

Andaa spana namba 10, 12, 14 na 17, bisibisi, tochi, taa ya kupimia umeme ya volti 12, chupa mbili tupu za maji ya kunywa, kipande cha mpira angavu unaovumilia dizeli, vibano vipya, kitambaa safi kisichoacha nyuzi, na filta mpya ya dizeli. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka vigingi kwenye matairi, na usiruhusu sigara wala jiko la mkaa karibu.

Hatua ya kwanza ni kutazama ekzosi wakati mwenzako anapiga stata. Hakikisha kwanza kwamba stata inazungusha injini kwa kasi, maana dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa zaidi ya mara 20, na betri dhaifu haiwezi kuifikisha injini kwenye joto hilo. Stata ikiwa na nguvu na ekzosi isitoe moshi hata kidogo, dizeli haifiki kwenye silinda, nawe endelea na hatua ya pili hadi ya sita. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, basi dizeli inafika lakini haiungui, na hapo unaweza kuanzia hatua ya saba.

Hatua ya pili. Kwenye pampu kuna valvu ya umeme inayofungua na kufunga njia ya dizeli, na ina waya mmoja. Washa swichi bila kupiga stata, chomoa waya huo kisha uurudishe. Unapaswa kusikia mlio mfupi wa "tak". Usipousikia, gusa ncha ya waya kwa taa ya kupimia: taa isipowaka, kagua fyuzi na nyaya; ikiwaka, valvu yenyewe imekufa. Kazi hii haichukui hata dakika tano, na huokoa siku nzima ya kufungua vitu vizima.

Hatua ya tatu ni kumwaga maji. Chini ya filta kuna kizibo cha kuzungusha kwa mkono, na juu yake kuna pampu ya mkono. Ingiza mdomo wa chupa chini ya kizibo, kilegeze, kisha bonyeza pampu ya mkono mara kadhaa hadi upate kama robo ya chupa. Iache chupa itulie dakika kumi, halafu iinue kwenye mwanga. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, hivyo maji yatajitenga chini, na mpaka kati yao utauona wazi kama mstari. Yakiwepo, rudia hadi itoke dizeli tupu, kisha ufunge kizibo kwa mkono bila kukikaza kwa spana. Taa ya filta kwenye dashibodi huwaka maji yakijaa, lakini mimi siisubiri, kwa sababu dizeli ya vijijini huuzwa kwenye madumu ambayo hayafunikwi vizuri, na msimu wa mvua nimewahi kupata maji ya kujaza kikombe cha chai kwa mwezi mmoja. Maji yakifika kwenye pampu huitia kutu, na pampu hizi hulainishwa na dizeli yenyewe.

Hatua ya nne, badilisha filta ikiwa huijui umri wake. Mimi huibadilisha kila kilomita 10,000. Hamisha kihisio cha maji kwenye filta mpya pamoja na mpira wake mdogo wa duara, na kama mpira huo umekauka au kupasuka, weka mpya, maana nao ni mlango wa upepo. Paka dizeli safi kwenye mpira wa duara ulio juu ya filta mpya, kaza filta kwa mkono, kisha bonyeza pampu ya mkono hadi iwe ngumu.

Hatua ya tano ndiyo kiini cha kazi, na ndiyo watu huiruka. Chomoa mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu, weka mahali pake kipande cha mpira angavu, na ukibane pande zote mbili. Piga pampu ya mkono, washa injini, umulike kwa tochi. Mwanzoni vipovu vitapita kwa wingi, na hilo si tatizo. Baada ya dakika tano za kuunguruma, dizeli inapaswa kupita ikiwa tupu. Vipovu vikiendelea kuja kimoja kimoja, hewa inaingia kati ya hapo na tangi. Uhamishie mpira angavu upande wa kuingilia filta: vipovu vikiwa bado vinaonekana, kasoro iko kwenye mipira au bomba la kwenda tangini, visipoonekana, kasoro iko kwenye filta, kichwa chake au pampu ya mkono, ambayo mpira wake wa ndani huchakaa.

Kwa uhakika zaidi, chomoa mpira wa tangi kwenye filta, na uvute dizeli safi kutoka kwenye dumu dogo lililofungwa imara chini ya usawa wa filta. Elekeza mpira wa marejeo, ule unaorudisha dizeli tangini, kwenye dumu hilohilo. Acha gari lilale hivyo usiku kucha. Likiwaka vizuri asubuhi, usiiguse pampu wala filta. Badilisha mipira yote ya njia ya tangi na vibano vyake, hata ile inayoonekana mizima, kwa kuwa ina umri mmoja.

Hatua ya sita ni kutoa upepo uliobaki. Ikiwa pampu ya mkono imekuwa ngumu na injini bado haiwaki, legeza nati za mabomba kwenye nozo kwa spana namba 17, mzunguko mmoja tu. Funika kila nati kwa kitambaa, mwambie mwenzako apige stata kwa sekunde zisizozidi kumi, na ukaze nati punde dizeli inapotoka bila povu. Weka mikono na uso mbali. Hata kwenye injini hizi za zamani nozo hufunguka kwa mgandamizo wa zaidi ya baa 100, na mtu aliyepigwa na mchirizi wa dizeli anapaswa kwenda hospitali mara moja, hata kama jeraha linaonekana dogo kama alama ya sindano.

Hatua ya saba, plagi za kupasha joto, ambazo mafundi huziita hita plagi. Ondoa ukanda wa chuma unaoziunganisha zote nne, unganisha taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, na uguse kichwa cha kila plagi. Inayowasha taa ni nzima, isiyowasha imekatika. Plagi moja ikikatika, utasikia gari linamisi na kutikisika kwa dakika ya kwanza, kisha linatulia. Zikikatika mbili au zaidi, kwenye baridi ya Njombe gari halitawaka bila kusukumwa. Baada ya kurudisha ukanda, washa swichi na upime kama umeme unafika kwenye ukanda huo, kwani rilei, ile swichi ya umeme inayozipa plagi umeme, nayo hufa.

Dizeli ikiwa inafika bila maji wala vipovu, valvu inalia, plagi zote ni nzima, na jaribio la dumu halikubadilisha kitu, hapo ndipo pampu na nozo zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Mwambie ulichokwisha kukipima, na umwonyeshe ile chupa.

Ukimaliza, ondoa mpira angavu na urudishe mpira wa kudumu, kwani ule angavu hugeuka mgumu ukikaa karibu na joto la injini. Futa dizeli yote iliyomwagika, egesha gari, na usiliwashe hadi asubuhi. Kabla ya kupiga stata asubuhi hiyo, usiiguse pampu ya mkono. Subiri taa ya plagi izime, piga stata bila kukanyaga mafuta, na uhesabu sekunde. Yangu huwaka kabla sijafika tatu.